Tulikwenda Kusikiliza "Makelele" ya Watoto Wetu



Mwezi huu tumeona tuweke kando kidogo habari za chanjo na lishe, tuzungumze jambo linalogombanisha nyumba nyingi za Kikristo, nalo ni muziki wa vijana wetu. Tutawasimulia jinsi tulivyokwenda, sisi na rafiki yetu wa siku nyingi, kwenye tamasha la roki ya Kikristo katika viwanja vya Furahisha hapa Mwanza. Rafiki yetu ameturuhusu kusimulia, ila majina tumeyabadilisha. Yeye tutamwita Mama Baraka, na mwanawe tutamwita Baraka.

Mama Baraka ni mjane. Mumewe alifariki ghafla kwa kiharusi miaka miwili iliyopita, akiwa mezani anakula chakula cha jioni. Baraka, mtoto wa kwanza, alikuwa na miaka 17. Siku ya mazishi kijana alianza kulia kwa sauti kaburini. Mama yake akamshika bega, akamwambia, "Nyamaza baba, wewe ndiye mwanaume wa nyumba sasa." Sisi tulikuwa tumesimama pembeni yao, tukaitikia kwa kichwa. Tukamwona kijana anameza machozi, tukafikiri amepata ushujaa.

Miezi michache baadaye Baraka aliacha kwaya ya vijana. Akajiunga na wenzake wanne wenye magitaa ya umeme na dramu, wakawa wanafanya mazoezi kwenye banda moja nyuma ya gereji. Akaanza kuvaa fulana nyeusi na kuacha nywele zikue. Mama yake alipomwuliza huo ni muziki gani, alijibu, "Ni roki, mama. Maana yake mwamba." Mama Baraka alituletea jibu hilo akiwa amekasirika kweli. "Mwanza yote ni miamba," alisema, "na mpaka leo hakuna jiwe hata moja lililowahi kunipigia kelele usiku!"

Alimsema kijana, akamwitia mzee wa kanisa, na mwisho akamfungia gitaa stoo mwezi mzima. Baraka hakubisha. Aliacha tu kuongea. Nyumba ikabaki na "shikamoo" na "marahaba" peke yake, na kijana akawa anabeba sahani yake kwenda kula chumbani. Akina mama mnaoyajua haya, mnajua pia kwamba mtoto anayenyamaza anaumiza kuliko anayejibu.

Jumapili moja baada ya ibada Mama Baraka alitufuata nje ya kanisa, Biblia mkononi. Alipoifungua ili atuonyeshe, tukaona karatasi mbili za mwaliko zimewekwa katikati ya kurasa. Tamasha la vijana, uwanja wa wazi, kiingilio bure. Hapakuwa na barua, wala jina la aliyeziweka. "Sista," alituambia, "twende wote. Nikiona ushetani nitapanda jukwaani nimshushe kwa sikio mbele za watu." Tulicheka, lakini tulijua hatanii.

Ugomvi huu si wa jana

Kabla ya siku hiyo tuliulizauliza na kusoma kidogo, tukagundua kwamba bibi zetu nao waligombana kwa sababu ya muziki. Wamisionari wengi wa zamani walikataza ngoma zetu zisiingie kanisani, wakaziita za kishenzi. Leo ni kwaya ngapi hapa kwetu zinazoimba bila ngoma? Gitaa lilipoingia, wazee walisema ni la baa. Kilipokuja kinanda cha umeme, wakasema ni cha dansi. Leo kinanda hicho hicho kikiharibika Jumapili asubuhi, kanisa zima linahangaika kumtafuta fundi.

Wazungu nao walipita njia hiyo. Jeshi la Wokovu lilipoanza kupiga matarumbeta mitaani huko Uingereza katika karne ya 19, wengi waliona ni kudhalilisha mambo matakatifu. Huko Marekani, kijana aitwaye Larry Norman alitoa albamu ya roki ya Kikristo iitwayo Upon This Rock mwaka 1969. Mwaka uliofuata, 1970, tamasha la wazi la Ichthus lilianza katika mji mdogo wa Wilmore, jimbo la Kentucky. Mwaka 1972 vijana walikusanyika kwa maelfu mjini Dallas katika mkutano ulioitwa Explo '72, ambako Billy Graham alihubiri na Larry Norman akaimba. Uingereza nayo ikaanzisha tamasha la Greenbelt mwaka 1974. Vijana waliokaa kwenye nyasi za Wilmore mwaka ule, na kuambiwa na wazazi wao kwamba wamepotea, leo ni mababu na mabibi.

Hatusemi kwamba kila kitu kinachozoeleka ni kizuri. Tunasema tu kwamba chombo chenyewe si dhambi. Zaburi ya 150 inataja vyombo vingi vya kumsifu Mungu, na miongoni mwake yamo matoazi yenye sauti kubwa. Aliyewahi kukaa karibu na matoazi anajua kwamba Mungu hakuomba kusifiwa kwa kunong'ona tu.

Siku yenyewe

Tulifika saa tisa alasiri kwa daladala. Mama Baraka alivaa kitenge cha umoja wa wanawake, kana kwamba anakwenda kwenye mkutano wa jimbo. Alibeba chupa ya chai na mkoba wenye khanga mbili. Sisi tulibeba maji, sukari, chumvi na bandeji, maana muuguzi hata akienda harusini huwa anaangalia nani ataanguka.

Vijana walikuwa wengi kuliko tulivyotarajia. Kundi la kwanza lilipoanza kupiga, sauti haikuingia masikioni tu, iliingia kifuani. Chai ilitikisika kwenye kikombe. Mama Baraka alitugeukia akasema neno, tukaona midomo ikicheza bila kusikia kitu. Tulimshika mkono tukasogea mbali na spika, hadi kwenye mwavuli wa mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga. Hapo ndipo tulipoweza kusikia alichokuwa anasema: "Sasa Mungu atasikiaje maombi humu ndani?"

Tulikaa tukatazama. Vijana walikuwa wanarukaruka, wengine wameinua mikono, wengine wamefumba macho. Tulitafuta pombe, hatukuiona. Tulitafuta wanaoshikana vibaya, nao hatukuwaona, ingawa tulijitahidi sana kutafuta. Mama Baraka alikunja uso vile vile. Kwa kweli muziki haukutupendeza, wala hatutajifanya kwamba ulitupendeza. Masikio yetu yamelelewa na Tenzi za Rohoni, nayo hayabadiliki kwa alasiri moja.

Kama saa kumi na moja hivi wavulana wawili walikuja wamembeba msichana aliyezimia. Alikuwa na umri wa miaka 15 au 16. Tulimlaza chali kwenye khanga ya Mama Baraka chini ya mwavuli, tukainua miguu yake, tukalegeza nguo shingoni. Mama Baraka akaanza kumpepea kwa khanga ya pili. Hazikupita sekunde nyingi msichana akafumbua macho. Alikuwa hajala tangu usiku wa jana, hajanywa maji, na alisimama juani tangu saa nane. Alipopata fahamu vizuri tulimkalisha, tukampa maji kidogo kidogo, kisha chai yenye sukari na kipande cha muhogo.

Tulipomwuliza namba ya simu ya mama yake ili tumjulishe, alianza kulia. "Naomba msimpigie, mama," alisema. "Nyumbani nimesema nimekwenda mazoezi ya kwaya. Akijua nilikuwa huku, ataniua."

Mama Baraka aliacha kupepea. Akakaa kimya kwa muda, khanga imelala mapajani. Kisha akatuambia kwa sauti ya chini, "Wangu hakunidanganya. Wangu aliniwekea karatasi ndani ya Biblia."

Hatukumjibu kitu. Msichana tulikaa naye. Mama Baraka ndiye aliyembembeleza mpaka akakubali kupiga simu mwenyewe, na yeye ndiye aliyeichukua simu baadaye akaongea na mama mwenzake kwa upole, mzazi kwa mzazi. Yule mama alikuja na pikipiki baada ya nusu saa. Alikuja na hasira, lakini alipoona binti yake amefunikwa khanga ya mtu asiyemjua, alimkumbatia kwanza.

Jua lilipokaribia kuzama upande wa ziwa, waliitwa kina Baraka. Mama yake alisimama. Kutoka tulipokuwa alionekana mdogo, fulana nyeusi na gitaa. Aliimba wimbo mmoja akiwa amefumba macho toka mwanzo hadi mwisho. Dramu na magitaa vilifunika maneno yote. Tulitambua neno moja tu lililorudiwarudiwa, nalo ni "Baba". Tulidhani anamwimbia Mungu.

Baada ya wimbo Mama Baraka hakupanda jukwaani kumshusha mtu kwa sikio. Alikaa chini, akamimina chai iliyobaki, akaishika bila kuinywa. Kijana alitutafuta gizani mpaka akatuona. "Shikamoo mama. Shikamoo mama mkubwa." Tukaitikia. Kisha mama yake akasema, "Sijasikia neno hata moja." Tuliogopa kwamba ugomvi unaanza upya. Lakini akaongeza, "Nataka kuyasikia. Unaweza kunisomea nyumbani, bila gitaa?" Baraka alitazama chini, akasema, "Naweza, mama."

Yaliyokuwa ndani ya wimbo

Alimsomea usiku ule ule, mezani, kutoka kwenye daftari la shule. Mama Baraka alitusimulia kesho yake, na ilibidi asimame mara mbili ili afute machozi.

"Baba" wa wimbo ule hakuwa Mungu. Alikuwa marehemu mumewe. Kijana aliimba kwamba namba ya baba bado ameitunza kwenye simu, na usiku mwingine anaipiga ingawa anajua haitapokelewa. Aliimba kwamba kwenye kwaya aliambiwa aimbe nyimbo za furaha, na nyumbani aliambiwa awe mwanaume, hivyo alibaki hana mahali pa kulilia. Ubeti wa mwisho ulimwuliza Mungu kwa nini hakusubiri hata baba amalize chakula chake. Wimbo ukaishia hapo, bila jibu.

"Sista," rafiki yetu alituambia, "mimi nilimnyamazisha, ndiyo maana akaenda kutafuta spika kubwa."

Tuliona aibu, maana hakumnyamazisha peke yake. Sisi tulikuwepo pale kaburini, tukaitikia kwa kichwa. Tumefanya kazi wodini miaka mingi, tumewafundisha wajane kwamba machozi ni sehemu ya kupona, tena tunajua kwamba mtoto aliyefiwa asipopewa nafasi ya kulia, huzuni hutafuta njia nyingine. Huweza kujitokeza kama hasira, ukimya, kukosa usingizi, kushuka kwa masomo au kujitenga. Tulijua yote hayo, na siku ilipofika tulisahau kwa sababu tu alikuwa mtoto wa kiume.

Biblia yenyewe inatuhukumu katika jambo hili. Bwana wetu alilia kwenye kaburi la Lazaro, na hakuna aliyemwambia awe mwanaume. Zaburi nyingi ni malalamiko kwa Mungu. Ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, wala haina mwisho wa furaha, lakini Mungu aliiacha ikae ndani ya kitabu chake. Kama yeye aliweza kuisikiliza hiyo, sisi tunashindwaje kusikiliza ya watoto wetu?

Msifikiri mambo yote yamenyooka. Baraka hajarudi kwenye kwaya, na mama yake bado anamwambia apunguze sauti. Lakini gitaa limetoka stoo, na kijana anakula mezani, kwenye kiti kinachotazamana na kile cha baba yake.

Tuliyojifunza

Kwanza, twende. Kuuliza kwa mzee wa kanisa au kwa jirani hakutoshi. Mama akienda mwenyewe atajua la kukataza na la kuruhusu, na mtoto hatakuwa na sababu ya kudanganya.

Pili, tuombe maneno. Vijana wanapopenda wimbo, tuwaambie watusomee taratibu. Tusihukumu kabla ya kusikia. Na maneno yakiwa machafu au ya kupotosha, tuyakatae waziwazi, maana si kila kinachouzwa kwa jina la injili ni injili. Wapo wanaotafuta fedha tu. Bwana alisema tutawatambua kwa matunda yao, hivyo tumwangalie mtoto mwenyewe: anazidi kuwa mkweli, mwenye huruma na mchapakazi, au kinyume chake?

Tatu, tuwape watoto wetu nafasi ya kuhuzunika, wa kike na wa kiume. Na kijana akizungumza habari za kutotaka kuishi, tusimkemee wala kumwacha peke yake. Tukae naye na tumfikishe hospitali upesi.

Kuhusu afya, haya yafuatayo ni ya kukumbuka mnapokwenda kwenye mkutano au tamasha la uwanja wa wazi:

1. Masikio. Vinyweleo vidogo vya sikio la ndani vikiharibiwa na sauti kubwa havioti tena. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba sauti ya desibeli 80 inaweza kusikilizwa kwa usalama saa 40 kwa wiki, lakini ikifika desibeli 100 ni kama dakika 20 tu kwa wiki. Mwaka 2022 shirika hilo lilitoa mwongozo kwamba wastani wa sauti katika kumbi na matamasha usizidi desibeli 100. Kaeni mbali na spika, na mpumzike mara kwa mara sehemu yenye utulivu. Pamba ya kawaida haizuii sauti vya kutosha. Vizibo vya sponji vya masikioni ni bora zaidi. Watoto wachanga wasipelekwe karibu na spika kabisa. Masikio yakiendelea kuvuma kesho yake, nendeni mkapimwe.

2. Maji na chakula. Kijana ale kabla ya kutoka nyumbani, abebe maji na kofia. Aliyezimia alazwe kivulini, miguu iinuliwe, asipewe kitu mdomoni mpaka apate fahamu kamili. Asipozinduka ndani ya dakika moja, apelekwe hospitali mara moja.

3. Msongamano. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa kwa kukanyagana mjini Moshi, kwenye ibada iliyofanyika uwanjani. Walikwenda kuomba, si kufanya fujo. Mkifika tu, angalieni milango iko wapi. Msikae mbele kabisa mnakobanwa, na watu wakianza kusukumana msikimbilie mlango mmoja. Kubalianeni mahali pa kukutana mkipotezana.

4. Kurudi nyumbani. Pangeni usafiri mapema, na binti asirudi peke yake usiku.

Maswali ya kujadili katika kikundi: Je, tunajua maneno ya wimbo mmoja anaoupenda mtoto wetu? Ni lini tuliwahi kumwambia mtoto anyamaze wakati alipohitaji kulia? Je, mtoto wetu akitaka kwenda mahali tusipopapenda, atatuwekea karatasi ndani ya Biblia, au atasema anakwenda mazoezi ya kwaya?

Tunawatakia mwezi wenye baraka. Mungu atupe masikio ya kusikiliza kabla ya midomo ya kukemea, na awafariji wote waliofiwa, hasa watoto ambao bado hawajapata mahali pa kulilia. Amina.